Hedifoni ya Pili

Njombe
9 Mei 1993

Kwako mume wangu Festo,

Huku baridi imeanza na sisi tumeanza kuizoea, kwa hiyo usipoteze karatasi kuniuliza habari zake. Mahindi yamekauka vizuri. Baba hajambo, mimi sijambo, na yule jogoo wako mgomvi tumemla.

Nina ombi. Nataka redio kaseti ndogo, ile ya kutia mfukoni wanayoiita wokmani. Makambako siku hizi hakikosekani kitu, tangu biashara ifunguliwe watu wanashusha mali za Dubai kama wanashusha viazi. Nitafutie ya bei ya kawaida, sitaki ya kujionyesha. Ila iwe na matundu mawili ya hedifoni, siyo moja. Tena iwe inarudisha kaseti nyuma kwa kitufe chake, maana nasikia nyingine zinakwenda mbele tu. Redio si lazima. Kaseti zenyewe nitapata kwa dada Ema, si unajua hospitalini kwao Tandala wanazo nyingi za kuwasikilizisha wagonjwa.

Jambo lingine, chunga unachoandika. Barua yako ya mwisho Dulla aliileta imefunguliwa, na kabla sijaisoma mama muuza maandazi pale stendi alikwishanipa pole ya jipu lako. Gari la Dulla likifika Njombe, habari zinashuka kabla ya mizigo.

Wako,
Anyisile


Makambako
15 Mei 1993

Mke wangu Anyisile,

Jipu limepona, waambie na wa stendi.

Nimekwenda kwenye kibanda cha Zamda, yule anayeuza redio na saa karibu na gereji yetu. Ana wokmani za aina tatu za kukufaa. Ya kwanza ni ya njano, mpya, ina redio ndani, inashika stesheni vizuri hata ukiwa umelala. Tundu lake ni moja. Ya pili nyeusi, nayo mpya, ina matundu mawili lakini ni zile za kwenda mbele tu, ukitaka kurudi unaitoa kaseti, unaigeuza, unaikimbiza, unaigeuza tena. Zamda mwenyewe aliniambia nisiisifie jina lililoandikwa juu, kwa sababu jina wamelibandika hukohuko njiani. Ya tatu ni mtumba wa Kijapani, ya kijivu, nzito, mlango wake unafungwa kwa mpira. Hiyo ina matundu mawili na inarudi nyuma. Tuliijaribu, mimi tundu moja na Zamda jingine, na sauti ni safi pande zote. Bei zimepishana kidogo sana.

Mimi nasema chukua ya njano. Kila mtu mwenye akili anachukua ya njano, ina redio. Sasa nieleze, matundu mawili ni ya nini? Nyumba hiyo ina wewe na baba, na baba humtazami usoni wala huli naye. Mzee wa watu amekwambia tangu harusi kwamba mambo hayo ya mkwe kumkimbia baba mkwe ni ya kwenu Tukuyu, sisi Wabena hatuna. Bado unaongea na ukuta? "Ukuta, mwambie baba uji uko tayari." Nikiwahadithia watu hapa gereji wanacheka mpaka wanakaa chini.

Halfan amesema mwaka huu ukiisha ananiachia gereji niisimamie, yeye ashughulike na malori tu. Nimemwambia nakubali kwa sharti moja, nikisikia baba anaumwa hata ukucha, nafunga mizigo siku hiyohiyo. Nilikuwa mbali mama alipokufa na sitarudia. Lakini Pasaka nimeona mwenyewe, mzee amesimama mbele ya kanisa amesoma somo zima bila miwani. Macho ya kijana. Nilijisikia fahari kweli.

Mumeo,
Festo


Njombe
22 Mei 1993

Mume wangu,

Nachukua ya kijivu.

Mpira wa mlango si kitu, nitabadilisha ukikatika. Ila nakuomba, wewe ni fundi, iunganishe hedifoni moja waya mrefu. Mrefu wa kutoka kwenye meza ya jikoni mpaka chumba cha pili, na ubaki kidogo. Usiniulize maswali mengi kwenye barua, nimekwishakwambia gari la Dulla lilivyo. Siku ukija nyumbani utaelewa na wala hutakasirika.

Na nimeona kwamba huko Makambako watu wawili wanaruhusiwa kuvaa hedifoni za kaseti moja, kibandani, mchana kweupe. Huyo Zamda ndiye aliyetajwa katika barua yako kuliko mtu yeyote. Mimi umenitaja mara ya mwisho lini kwa jina mbele ya watu, ukiacha kunichekea na ukuta wangu?

Kuhusu gereji nimefurahi sana. Kaa hapo, fanya kazi, usibabaike na habari za huku. Baba anasema hivyohivyo.

Anyisile


Makambako
29 Mei 1993

Mke wangu,

Zamda ana mume na watoto wanne, mumewe alikuwa amekaa palepale akila kashata. Nimelijibu hilo, sasa nijibu na wewe langu.

Mzigo huu hapa. Wokmani ya kijivu, betri ndogo za kuanzia na akiba yake, hedifoni mbili. Moja nimeiunga waya mrefu kama ulivyotaka. Nilikuwa nachomelea risasi huku moyo unanichoma, maana nilijiona kama mtu anayeshona koti la mwizi wake. Mwanamke anaacha redio, anaacha kitu kipya, anachagua mtumba kwa sababu una tundu la mtu wa pili. Halafu anasema usiniulize.

Nilimweleza Zamda, hakuna mwingine wa kumweleza. Alicheka. Alisema mtu na hawara yake hawahitaji waya mrefu, wale wanatafuta waya mfupi. Nikamwambia yeye hajui, waya mrefu ni wa kumfikia mtu aliyefichwa stoo. Akaendelea kupanga saa zake.

Kama kuna mtu, Anyisile, sema. Afadhali nisikie kwako kuliko kwa Dulla.

Festo


Njombe
8 Juni 1993

Festo,

Mzigo umefika. Inafanya kazi vizuri, na sauti inafika mpaka mwisho wa waya bila kupungua. Asante kwa kazi ya mikono yako.

Mtu wa namna unayofikiri hayupo. Siwezi kuandika zaidi ya hapo, nimepewa neno nikaahidi kulitunza, na aliyenipa hana mwingine wa kumtunzia. Ukiniamini, niamini hivihivi. Ukishindwa, basi subiri mwezi wa nane ukija uone kwa macho yako.

Nimeumia uliposema koti la mwizi.

Anyisile


Makambako
19 Juni 1993

Anyisile,

Dulla aliwashushia mbolea Jumatano asubuhi. Ameniambia alichokiona, tena bila kumuuliza. Ulikuwa jikoni umevaa hedifoni, ile nyingine waya wake umepita chini ya mlango wa chumba cha ndani. Ulipomwona ulishtuka ukabonyeza kitufe, na mtu akakohoa upande wa pili wa mlango.

Basi sasa najua. Sihitaji kutajiwa jina.

Nakutumia kaseti. Upande wa kwanza ni muziki wa dansi tu. Upande wa pili nimezungumza kwa sauti yangu mwenyewe, nimerekodi kwa redio kubwa ya Zamda nikiwa peke yangu. Maneno hayo si yako peke yako. Mwambie na huyo wa nyuma ya mlango avae hedifoni yake asikilize mpaka mwisho, kwa sababu nimeongea naye zaidi kuliko wewe.

Festo


Njombe
21 Juni 1993

Mume wangu mpenzi,

Dulla anageuza gari sasa hivi, naandika nimesimama.

Umenitua mzigo ambao nimeubeba tangu Krismasi. Kumbe kikohozi tu kilitosha! Ndiyo, kikohozi kile nani asiyekijua. Sikulitaja jina na wewe hukulitaja, umefanya vizuri sana, hivyo hata barua ikifunguliwa hakuna atakayefaidi. Na kumtumia maneno ya sauti badala ya barua, hilo hata mimi sikuliwaza. Ni heshima kubwa. Nimemweleza kupitia ukuta kwamba umejua, kwamba hukukasirika, na kwamba umemtumia salamu za mdomo wako. Nikamsikia anacheka mwenyewe.

Jioni hii tukimaliza kula tutasikiliza wote wawili. Amesema tuanze moja kwa moja na upande wa pili.

Nisamehe kwa yale ya Zamda.

Wako daima,
Anyisile


Makambako
22 Juni 1993

Anyisile,

Nimesoma barua yako mara nyingi kuliko inavyostahili na bado sielewi kama unanidhihaki au umerukwa na akili. Unampa mwanaume salamu zangu naye anacheka? Ndani ya nyumba ya baba yangu?

Usiniambie ni mgonjwa, usiniambie ni ndugu yako kutoka Tukuyu. Dulla alifika saa nne asubuhi. Saa nne baba yuko shambani kila siku ya Mungu, hata mvua ikinyesha, hilo linajulikana kijiji kizima. Huyo aliyekohoa anajua fika saa za baba kutoka na kurudi, na wewe unazijua.

Fanyeni kama nilivyosema kwenye kaseti. Mimi nitakuja Jumamosi ya wiki ijayo, Halfan amenipa ruhusa, na nisimkute mtu.

Festo


Njombe
28 Juni 1993

Mwanangu Festo,

Kamwene. Anayesema ni mimi baba yako Manase. Anayeandika ni mke wako. Amekaa jikoni, mimi nimekaa chumbani kwangu, na mlango ulio katikati yetu uko wazi, kwa mara ya kwanza tangu umlete nyumba hii. Amefunika uso kwa kanga, lakini anaandika. Nimemwagiza aandike kila neno ninalosema, hata yale asiyoyapenda, na asipunguze.

Barua yako ya tarehe ishirini na mbili nimesomewa. Na kaseti yako nimeisikiliza.

Nimesikia kwamba mimi ni mbwa anayelamba vyungu vya watu. Nimesikia kwamba nimejificha nyuma ya mlango wako kwa sababu sina mlango wangu, nami mlango huo niliuranda mwenyewe kabla hujazaliwa. Nimesikia utanivunja miguu yote miwili. Halafu ukasema baba yako ni mzee wa kanisa, mtu wa heshima, akinikuta atanitoa kwa panga. Hapo nilishangaa, nikajiuliza nitajitoaje. Wewe ulidhani unaongea na nani, sijui. Mimi nilikuwa nimevaa hedifoni na nimepiga magoti kidogo, kwa kuwa niliambiwa mwanangu ananitumia salamu na nilitaka kuzipokea vizuri.

Sasa sikiliza na wewe. Macho yangu yalianza kwenda mwaka juzi. Krismasi iliyopita jicho la kushoto likafunga kabisa, la kulia linaona mwanga wa dirisha na basi. Shambani siendi tena, nitalima nini nisichokiona? Saa nne asubuhi niko chumbani. Mke wako ndiye aliyegundua, kwa namna nilivyokuwa napapasa bakuli la uji. Aliuambia ukuta, "Ukuta, muulize baba anaona?" Nikaujibu ukuta kwamba sioni, na usimwambie Festo. Wewe ulikuwa ukisema siku zote utaacha kazi nikiumwa ukucha. Ulipoacha ile kazi ya kwanza kuja kumlilia mama yako ulikaa miaka miwili bila kitu. Sikutaka gereji ya Halfan ikupotee kwa ajili ya macho ya mtu mzima ambaye amekwishaona vya kutosha.

Nilikuwa na ubishi mwingine pia, niseme tu. Miaka yote hiyo somo la Jumapili nasoma mimi. Nikasema sitaliacha. Ema, dada yake, akaleta zile kaseti za Tandala, masomo yote yamesomwa humo. Mke wako hawezi kukaa na mimi chumba kimoja, wala kunisomea kwa mdomo wake, na akisoma kwa sauti majirani watasikia. Kwa hiyo yeye alikaa na mashine jikoni, mimi mwisho wa waya. Vitufe sivioni, yeye ndiye aliyevibonyeza. Hedifoni yake ilikuwa ya kujua somo limefika wapi, arudishe nyuma tena na tena mpaka nilishike. Kabla ya mashine yako tulikuwa tunaazima ya mke wa mwalimu, yenye tundu moja, anabahatisha pa kurudisha. Somo la Pasaka ulilojivunia nililisoma kwa kichwa, kitabu kilikuwa kimefunguliwa tu. Nilifunua ukurasa kwa kukisia.

Jioni ile kaseti yako ilipokwisha, mke wako hakusema na ukuta. Nilisikia anavuta sanduku chini ya kitanda. Ulikuwa umemwambia arudi kwao Tukuyu kwa miguu, naye alikuwa anakutii. Nikauambia ukuta asiende. Ukuta haukujibu. Nikaona ukuta umefika mwisho wa kazi yake. Nikapapasa mpaka mlangoni, nikaufungua, nikasimama mbele yake mimi baba mkwe wake, nikamwita kwa jina lake.

"Anyisile," nikasema, "mwanangu amekosa. Mimi ndiye niliyekuziba mdomo. Ukiondoka, ondoka na mimi."

Alikaa chini akalia. Mimi pia nililia, andika hilo, nimesema usipunguze.

Bibi yake wa Tukuyu atasema nini kuhusu mlango huu, sijui. Akitaka tutakwenda kumwomba radhi, mimi nitakwenda nimeshikwa mkono.

Jana Jumapili nilisimama mbele ya kanisa kama kawaida. Nilikuwa nimelishika somo. Lakini nilifunga kitabu nikawaambia ukweli, kwamba sioni tangu Krismasi, na kwamba wamekuwa wakisomewa na kichwa changu na masikio ya mkwe wangu. Mchungaji akaja akanishika bega akanirudisha kwenye benchi. Sasa siri imekwisha, hata Dulla afungue barua hii asome mpaka achoke. Nasema hilo nikijua anasoma. Hujambo, Dulla. Ukisikia mtu anakohoa nyumbani kwake, siku nyingine piga hodi.

Festo, usirudi kwa sababu ya macho yangu. Ema amesema tutakwenda Tandala wayaangalie. Rudi kwa sababu ya mdomo wako. Ukifika usianzie kwangu. Mimi ni baba yako, nitakusamehe kwa sababu sina mwingine. Anzia jikoni.

Baba yako,
Manase

Festo, hapa naandika mimi. Baba amekwenda kuota jua.

Sanduku bado liko mlangoni. Sijalirudisha chini ya kitanda wala sijalibeba, ninalipita kila nikienda kuchota maji. Uliniambia mambo kwa sauti yako ambayo ukuta wa nyumba hii haujawahi kuyasikia, na ulinipa niyasikilize na baba yako. Sijui yanafutwaje. Kaseti najua inafutwa, nimeuliza, unarekodi kitu kingine juu yake.

Kwa hiyo Jumamosi ukija, kabla hujaondoka huko pita kwa Zamda. Mwambie nimemwomba radhi, tena mwambie alisema kweli kuhusu waya mrefu. Azima redio yake kubwa, urekodi upande wa pili upya, mpaka mwisho, usibakize hata neno moja la yale ya kwanza chini yake. Uje na kaseti hiyo mkononi na betri, za huku zimekwisha.

Mimi na baba tutakaa tusikilize, mlango ukiwa wazi. Wewe utasubiri nje. Matundu ni mawili tu, na yote yana watu.

Anyisile